Watahini Waliovaa Kaptula

Lastiki ilikuwa imeingia nusu ya pindo, ikakwama. Mwajabu aliukunja ukanda wa kitambaa mkunjo kwa mkunjo, akaisukuma pini kwa ncha ya kidole, na pini ikagoma kama mbuzi aliyefikishwa mlangoni kwa mwenye bucha. Kaptula aliyoishika ilikuwa ya Mheshimiwa Kamishna wa Maarifa. Juu ya kitanda cha bweni zilikuwa zimelazwa zile zilizokwisha: ya Mkuu wa Chuo, ya Mkaguzi wa Kanda, ya Katibu wa Maadili, na sketi ya bluu ya marinda ya Mama Msajili. Ya Dokta Fungamtama ilikuwa imeshapigwa pasi na kutundikwa peke yake kwenye msumari.

"Usiilaumu lastiki," alisema Chausiku, mwenzake wa chumbani, ambaye alikuwa akimsaidia kutoboa matundu ya vifungo. "Kosa ni la kiuno. Hicho ulichopewa si kiuno cha mtu mzima."

"Ndicho kiuno rasmi."

"Haya. Kiuno rasmi kitakwenda kuvaliwa na tumbo lisilo rasmi. Kitakachotokea huko mbele sisemi, shoga yangu."

Chausiku alisema kweli, lakini Mwajabu naye hakuwa na la kufanya. Vipimo vya miili ya viongozi ni siri ya nchi. Mtahiniwa akiomba kipimo cha Kamishna hupewa kile alichopimwa siku ya kuapishwa, kwa kuwa serikali haiwezi kukiri kwamba kiuno cha kiongozi kimeongezeka wakati wananchi wameombwa wafunge mikanda. Kwa hiyo Mwajabu, aliyekuwa mtu wa kupanga mambo yake polepole na kwa utaratibu, alishona kama alivyoagizwa, kisha kwa nyuma akaficha mkunjo wa akiba, uliokamatwa kwa nyuzi chache tu, ili mwenye tumbo akivuta pumzi mkunjo ufunguke wenyewe bila kumwaibisha mtu.

Mgeni anaweza kuuliza ni mtihani gani huu wenye cherehani. Ulikuwa ni Somo la Mwisho. Kila anayesomea Shahada ya Ualimu wa Maarifa ya Jamii lazima alifundishe somo hilo mbele ya watahini, na akishindwa hapo, miaka yake yote ya chuo hugeuka matembezi. Nchi nyingine watahini huketi nyuma ya darasa wakaandika. Hapa iligunduliwa kwamba anayekaa nyuma huona visogo tu. Ikaamuliwa watahini wakae kwenye madawati, wavae sare, wafundishwe kama darasa la tano. Na kwa kuwa serikali ilikuwa imeahidi sare za bure kwa kila mwanafunzi, na ahadi ni lazima mtu aitekeleze, ikaamuliwa pia kwamba mtahiniwa ndiye atakayezishona.

Kanuni moja zaidi inafaa ijulikane mapema. Mtahini aliye ndani ya kaptula ni mtoto kisheria. Lolote atakalosema humo ni neno la mtoto, haliandikwi, na cheo chake hakihusiki nalo. Kanuni hii iliwekwa kwa wema, baada ya mtahini mmoja wa zamani kushindwa kutaja wilaya aliyozaliwa.

*

Nchi yenyewe zamani iliitwa Mteremko, kwa sababu imekaa ubavuni mwa mlima na inashuka mpaka ziwani. Jina hilo halikumsumbua mtu hadi siku ujumbe wetu ulipohudhuria mkutano wa nje ukakuta kibao cha Mteremko kimewekwa mwishoni kabisa mwa meza, karibu na mlango wa jikoni. Wajumbe walirudi wamenuna. Juma hilohilo nchi ikaitwa Jamhuri ya Mwinuko, na kila kilichokuwa kikishuka kikapewa muda wa kujirekebisha. Bei zilikuwa za kwanza kutii. Barabara ya ziwani iliwekewa vibao vyenye mishale ya juu. Methali isemayo kwamba mpanda ngazi hushuka iliitwa mbele ya kamati, ikahojiwa, ikatoka imebadilika: mpanda ngazi huendelea.

Kilichobaki kilikuwa Mto Nyamvua. Mto huu ulikuwa na mazoea ya kale ya kutoka mlimani na kwenda ziwani. Wizara haikupenda kuutukana. Ilisema tu, katika kitabu kipya cha darasa la tano, kwamba mto huo huanzia ziwani na kupanda kwa juhudi hadi mlimani. Pembeni ikachorwa picha ya mto uliokunja mikono ya shati.

Mwajabu alikuwa amefundisha miaka mingi kwa cheti tu katika Shule ya Msingi Bondeni, iliyojengwa kando ya mto huohuo. Kila masika maji yalikuwa yakiingia kwa dirisha la ofisi ya walimu, yakizunguka, yakichukua yaliyoyapenda, kisha yakitokea mlangoni kama mgeni aliyeshiba. Masika yaliyotangulia yalilichukua darasa la tatu, kuta na bati. Ilikuwa Jumapili, watoto walikuwa kwao. Wazazi waliomba shule ihamishiwe juu, kwenye uwanda wa Kilongo, ambako hata mzee kuliko wote hajawahi kuona tope. Wizara ikajibu kwa upole kwamba maji hayawezi kuja kutoka juu, kwa hiyo hayakuja. Na kama yalionekana shuleni, basi yalikuwa yakipita kwenda huko juu, na msafiri haondoki na darasa.

Palikuwa na njia moja tu. Kwa sheria ya Mwinuko, shule huhamishwa kwa amri ya mwalimu mkuu mwenye shahada ya Maarifa ya Jamii: kuhamia wapi ni jiografia, nani ahame ni uraia, na kwa nini ahame ni historia. Bondeni haikuwa na mtu wa namna hiyo. Wazazi wakakaa, wakamchagua Mwajabu. Walipokea jembe lake wakalima shamba lake kwa zamu, na mwanamke mmoja aliyeitwa Mama Ngwanda akawachukua watoto wa Mwajabu akawapikia pamoja na wa kwake. Wakamwambia aende akasome, na asirudi bila hiyo shahada.

Akaenda. Alisoma Historia ya Nchi Kabla Haijaanza. Alisoma Jiografia ya Uzalendo, ambayo mtihani wake ni kuimba mipaka. Alisoma Saikolojia ya Mtoto Mtulivu, na Uraia kwa Vitendo, ambao vitendo vyake ni kusimama kando ya barabara mpaka msafara upite. Siku moja msafara haukupita, na darasa zima likapewa alama za subira. Hakudharau somo hata moja. Alikuwa mwepesi wa kudhani kwamba, asipoelewa jambo, upungufu ni wake.

*

Aliyemfanya avumilie alikuwa Dokta Fungamtama, mwalimu wa Mbinu za Kufundishia. Ukumbini Dokta alisoma kitabu cha Wizara neno kwa neno, na palipoandikwa "picha" alisoma "picha" akaendelea. Lakini nyumbani kwake, barazani, alikuwa mtu mwingine. Alikuwa na sauti ya chini na tabia ya kuvua miwani kabla ya kusema jambo la maana. Alimweleza Mwajabu kwamba kitabu ni cha Wizara ila mto ni wa Mungu, na kwamba mwalimu wa Maarifa ya Jamii asiyewapeleka watoto wakatazame kwa macho yao ni kasuku aliyepewa chaki.

Mwajabu aliyashika maneno hayo kama mtu anavyoishika shilingi ya mwisho. Alipokwenda Bondeni kwa mazoezi ya kufundisha, aliwapeleka watoto darajani na maganda ya machungwa, wakayatupa majini, wakayafuata mbio kando ya mto hadi ziwani huku wakipiga kelele. Dokta alikuja kumkagua siku hiyo. Alisimama darajani, akatazama maganda yakienda, akavua miwani, akasema kwamba katika maisha yake yote ya ualimu hajaona somo kama lile.

Ni yeye aliyeleta wazo. Walikuwa barazani kwake, mkewe amewaletea chai na magimbi, na Dokta alingoja hadi mkewe alipoingia ndani.

"Kwenye Somo la Mwisho, liulize swali la mto," alisema. "Dokta hawezi kusema mto unashuka. Mtoto anaweza. Mimi siku hiyo nitakuwa mtoto."

Akafafanua. Yeye atanyoosha mkono, atajibu kwamba mto unatoka mlimani kwenda ziwani, Mwajabu atamwambia vizuri sana, darasa litapiga makofi, na hakuna atakayethubutu kumkaripia mtoto. Jibu likishapigiwa makofi huwa jibu la darasa. Jibu la darasa huingia kitabuni. Shahada ataipata, na shule ataipeleka Kilongo kwa sababu iliyo wazi mbele ya wote. Mwajabu akauliza itakuwaje ikiwa mwingine ndiye atakayenyoosha mkono kwanza. Dokta alicheka.

"Mwanangu, chaki atakuwa nayo nani? Utanichagua mimi."

Kwa hiyo kaptula yake ndiyo aliyoishona kwa mkono mwepesi kuliko zote. Aliipiga mishono miwili miwili, na ndani ya shati akatia mfuko mdogo wa kuwekea miwani. Chausiku aliuona mfuko huo akauliza kama na huo ulikuwa kwenye kanuni. Mwajabu akasema la, ni adabu tu.

*

Siku ya mtihani ukumbi ulikuwa umepangwa madawati. Watahini waliingia kwa mstari wakiimba. Kaptula ziliwakaa vyema kuliko ilivyotarajiwa. Ya Kamishna ilitoa sauti ndogo nyuma pale alipoketi, mkunjo wa akiba ukafunguka kama ulivyoelekezwa, naye akapata nafasi ya kupumua asijue nani wa kumshukuru. Mlinzi wake, kwa sababu za usalama, alikuwa naye amevaa kaptula, akasimama ukutani. Mwajabu alipomuuliza kwa upole kama ni mwanafunzi, alijibu kwamba yeye ni kaka mtu.

Walikuwa darasa gumu, kwa kuwa waliichukua kazi yao kwa moyo. Mkuu wa Chuo alimfinya Mkaguzi wa Kanda, na Mkaguzi akaja kumshtaki. Katibu wa Maadili alikutwa akitafuna karanga. Mama Msajili aliomba ruhusa ya kwenda uani na hakurudi hadi alipotumiwa mtu. Mwajabu hakupandisha sauti. Alifundisha kama alivyojifunza, kutoka linalojulikana kwenda lisilojulikana: akaanza na nyumbani, akaja kwenye njia ya kwenda shule, akachora mlima ubaoni, akachora ziwa. Katikati akachora mstari wa mto, asiutie mshale.

"Mto Nyamvua," alisema, "unatoka wapi, na unakwenda wapi?"

Kamishna alitazama dari. Kisha mkono ukanyooshwa kwenye dawati la tatu, ukitikisika kama mkono wa mtoto anayeogopa jibu lake litaibwa.

"Ndiyo, Fungamtama."

Dokta alisimama na kufunga mikono kifuani.

"Mwalimu, Mto Nyamvua unatoka ziwani. Unapanda kwenda mlimani."

Mwajabu alidhani amesikia vibaya. Halafu alidhani mzee amebabaika, kwa kuwa watu hubabaika, hata kwenye harusi zao. Alimsogelea, akamwambia taratibu, kama alivyozoea kumwambia mtoto aliyeteleza, kwamba afikiri tena. Akamuuliza kama amewahi kufika mtoni.

"Nimefika, mwalimu," alisema Dokta Fungamtama. "Nilisimama darajani nikautazama kwa macho yangu. Unapanda."

Mwajabu akauliza nani ana jibu tofauti. Kamishna akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na mimi nilitaka kusema hivyohivyo. Ameniwahi tu."

Wengine wote wakasema na wao, na wao. Kaka mtu naye, kutoka ukutani, akasema na yeye.

Chaki ilikuwa mkononi mwake. Alijua kwamba akisema si kweli, kaa chini, ni kweli atakuwa amesema, na atarudi Bondeni mikono mitupu, na masika yako mlangoni. Akaona mahali palipokuwa na darasa la tatu. Akaona Mama Ngwanda akigawa ugali katikati ya watoto wake na wa mwenzake. Akajiambia, kwa ule utaratibu wake, kwamba alama ya vema ya chaki hufutwa kwa kitambaa, lakini shule ikishapanda Kilongo imepanda. Mtoto mmoja wa kaptula akikosea hapa hataumia mtu. Akaenda ubaoni, akautia mstari mshale wa kwenda juu, na kando yake akaandika vema kubwa.

"Vizuri," alisema. "Mpigieni makofi."

Wakampigia makofi ya kilo, yale ya kupiga, kusugua viganja na kumrushia mtu kifuani. Kamishna alisugua kuliko wote.

*

Makofi yalikuwa hayajaisha wakati milango ya nyuma ilipofunguliwa ikaingia kwaya ya chuo. Walikuwa wamevaa vitenge vipya vilivyochapwa mto, na mto ulikuwa umekunja mikono ya shati. Wakaimba:

*Mwajabu wa Bondeni ameuona,*
*Nyamvua wapanda, wapanda mlima,*
*Na sisi twapanda, twapanda naye.*

Mwajabu alikuwa ameimba kwaya tangu msichana. Alijua kwamba wimbo wa sauti nne haushikwi kwa muda wa kunywa maji. Soprano walikuwa wameshiba maneno. Besi, ambao popote duniani ndio wa mwisho kujifunza, waliingia pale palipotakiwa kuingia na kutoka pale palipotakiwa kutoka, na jina lake walilikokota kwa madaha, Mwa-ja-bu, kama watu waliolala nalo majuma kadhaa. Hapo ndipo aliposhika ukingo wa ubao.

Kamishna alivaa koti juu ya sare, jambo ambalo kisheria lilimrudisha utu uzima kuanzia kiunoni kwenda juu, akahutubia. Alisema kwa muda mrefu maadui wa Mwinuko wamekuwa wakidai kwamba wanaosema mto unapanda ni watu wa mjini tu, ambao hawajawahi kulowa. Kila Wizara ilipomwendea mwalimu wa Bondeni ili athibitishe, mwalimu huyo aliumwa ghafla. Taifa lilikuwa likikosa mtu mmoja tu, mwenyeji wa pale, asiye na makuu, anayeaminiwa na wazazi.

"Dokta Fungamtama alituambia anaye," alisema Kamishna. "Akatuomba tumwachie amlee taratibu. Leo mmejionea matunda."

Mwajabu alimkuta Dokta kwenye varanda ya nyuma, anasubiri gari. Bado alikuwa na kaptula, na magoti yake yalikuwa meupe kwa vumbi la chaki. Alimwamkia, kwa kuwa alikuwa amezoea kumwamkia. Akamuuliza kwa nini.

Dokta alitoa miwani kwenye ule mfuko, akaifuta, akaivaa.

"Mwajabu, mle ndani hamkuwa na Dokta. Mlikuwa na mtoto. Mtoto hukosea, ndiyo maana akawekewa mwalimu. Jiulize mwenyewe, vema aliitia nani?"

"Ulisimama darajani na watoto wangu."

"Nilisimama," alisema. Alitazama barabara gari litakakotokea. "Ndiyo maana walinitaka mimi. Asiyewahi kusimama pale asingeweza kukufikisha hapa."

Gari likaja. Alipokuwa akipanda alimwambia kwamba ameshona vizuri, mfuko umemsaidia sana. Baada ya mwezi alikuwa Profesa, mwenye Kigoda cha Mito Inayopanda.

Bwenini Chausiku alimpokea, akamvua viatu kama mgonjwa, akampa maji. Alisikiliza yote hadi mwisho. Kisha akasema kwamba mtu unampima bega, unampima kiuno, unampima na paja, kumbe pa kupima palikuwa kwingine. Mwishowe akamkumbusha la maana: shahada anayo. Mbaya ametenda ubaya wake, lakini shule itahama. Mwajabu alilishika hilo. Hakuwa na lingine la kushika.

*

Shahada alipewa mbele ya watu, na akarudi Bondeni akiwa mwalimu mkuu. Wazazi walimlaki kwa ngoma. Mama Ngwanda alimkabidhi watoto wake, wamenenepa, akamtania kwamba mmoja wao sasa anamwita yeye mama na hamrudishi bila mahari. Asubuhi ya pili, kabla hata hajafungua sanduku lake, Mwajabu alitoa amri ya kwanza ya utawala wake: Shule ya Msingi Bondeni ihamishwe, iende mahali salama mbali na mafuriko. Akaigonga muhuri.

Afisa Elimu wa wilaya, Bwana Chiwanga, alikuja mwenyewe, mtu mnene mwenye tabasamu, amebeba zawadi ya picha ya Kamishna. Aliisifu amri. Alisema haijapata kutolewa amri nzuri kama ile wilayani kwake, na kwamba ameshaipitisha jinsi ilivyo. Alikuwa na sahihisho dogo tu kuhusu upande.

Mwajabu akasema uwanja upo tayari, Kilongo, na wazazi wameshafyeka.

"Kilongo juu?" alisema Bwana Chiwanga, na tabasamu likamtoka kwa masikitiko ya kweli. "Mwalimu, si wewe uliyethibitisha kwamba maji yanapanda? Mimi nilikuwepo, nilikuwa nje kwenye spika. Leo uwapeleke watoto wa watu huko yanakokwenda? Yakiwakuta mimi nitasema nini?"

Alimwambia kwamba mahali salama, kwa mujibu wa somo lake mwenyewe, ni kule maji yanakotoka, ambako yakishaondoka hayarudi. Yaani ziwani, kwenye mchanga wa mdomo wa mto. Alishamtuma fundi, na kibao chenye jina la shule kilikuwa kimesimikwa huko tangu jana.

Mwajabu akaomba kuifuta amri, shule ibaki ilipo. Bwana Chiwanga alishtuka kidogo, kama mtu aliyesikia neno la aibu mbele ya wakwe. Akaeleza kwa subira kwamba amri ya mwenye shahada haifutwi, kwa sababu kuifuta ni kusema alikosea, na mwenye shahada akikosea basi chuo kimekosea, na chuo ni cha nani? Akampa pole kwa uchovu wa safari. Akasema kazi ianze kesho yake, naye atakuwepo kuwatia moyo.

*

Wazazi walifika na mapanga na makamba. Walikuwa wamekwisha kugeuza nyuso kuelekea Kilongo, na vijana wawili walikuwa wameshatangulia na ubao, wakati Mwajabu alipowaita warudi. Aliwaambia ni huku. Akanyoosha kidole kuelekea ziwani. Wakatazamana, wakamtazama Bwana Chiwanga aliyekuwa ameketi kivulini na mwavuli juu yake, wakadhani pengine kuna hekima ambayo chuo ndicho kinachoitoa. Walimwamini. Walijitwika madawati wakaanza kushuka.

Walishuka kutwa nzima. Njia ilifuata mto, na mto ulikuwa ukienda nao upande mmoja, ukiwapita, ukiwaacha. Mtu mmoja aliimba kidogo akaacha. Mwajabu alibeba kama wao, kwanza kabati la ofisi akishirikiana na mwalimu mwenzake, kisha kiti, kisha akarudi kuchukua tufe la dunia, akalikumbatia kifuani. Kila aliporudi juu alikuta madawati yamepungua, na kila aliposhuka alikiona kile kibao mchangani, rangi yake mbichi, na nyuma yake ziwa.

Jua lilipoanza kuinama, mawingu yalikuwa yamejipanga mlimani. Mama Ngwanda alikuwa akishuka na dawati kichwani, mkono mmoja umelishika na mwingine kiunoni. Alipofika usawa wa Mwajabu alisimama. Waliokuwa nyuma yake nao wakasimama, kwa kuwa njia ilikuwa nyembamba.

"Mwalimu," alisema, na hakuwa na hasira. "Sisi hatukusoma. Tulikutoa wewe ukasome kwa niaba yetu. Hebu tuambie basi, na sisi tujue. Huu mto unakwenda wapi?"

Bwana Chiwanga alikuwa amefika karibu, na mwavuli wake, akitabasamu, akisubiri kwa heshima yote jibu la mtaalamu. Wazazi walisubiri. Watoto waliokuwa wamebeba viboksi vya chaki walisubiri. Mwajabu alifungua mdomo, na kilichomjia masikioni kilikuwa sauti ya besi wa kwaya, ikikokota jina lake.

"Jua limekwisha," alisema. "Wekeni hapohapo mlipofika. Tutaendelea kesho."

Wakashusha madawati njiani, mmoja mmoja, mstari mrefu kutoka shuleni kushuka hadi mchangani, nusu huku na nusu kule. Mama Ngwanda hakulishusha la kwake. Alibaki amesimama nalo kichwani, akimtazama, na huko juu mlimani mvua ilikuwa imeshaanza.